Jumanne Haipo, na Mchoraji Wake Pia Hayupo

Habari za kifo chake zilinifikia kwa simu nikiwa kwenye foleni ya benki mjini Machakos, na msomaji anisamehe nikisema kwamba kabla sijahuzunika nilikasirika. Aliyenipigia ni mama mwenye duka la fotokopi karibu na soko, mfanyabiashara aliyehamia kwetu zamani kutoka upande wa Murang'a, na ambaye ndiye aliyekuwa akimchapishia marehemu katuni zake. "Ule mtu wako wa katuni ametuacha," akaniambia. "Wanasema ni kifua. Na hapa kuna karatasi zake hajamaliza, sasa mimi nitazipelekea nani?" Nikamwuliza hizo karatasi zimefika wapi. Nikamsikia akizipekua. "Wamama wako mbele ya ukuta. Wameinua majembe. Hapo ndio mwisho." Eti hapo ndio mwisho! Toleo lililotangulia lilikuwa limewaacha mbele ya ukuta uo huo, na tulikuwa tumengoja mwaka mzima na ushei kujua kama wataupiga ama watarudi nyumbani. Kumbe muda wote huo bwana huyu alikuwa amefaulu kuwainulia majembe tu. Sasa ameenda zake, na wale wanawake wamebaki na mikono juu.

Kwa wasomaji wangu ambao hawajawahi kunyolewa Machakos, Kola wala Mitaboni, inabidi nieleze. Jumanne Haipo ni mfululizo wa vitabu vya vibonzo ambao marehemu alianza kuutoa miaka ya tisini, ukiwa karatasi za fotokopi zilizokunjwa katikati na kupigwa pini. Hakuwa na kampuni nyuma yake, wala mfadhili, wala mtu wa kumwambia maliza kazi. Nakala zilitundikwa kwa uzi katika vinyozi na maduka ya dawa, na mtu alizisoma akingoja zamu yake. Nimeona wanaume waliokwisha kunyolewa wakirudi kuketi kwenye benchi, nywele bado zikiwawasha shingoni, ili wamalize ukurasa.

Hadithi yenyewe inatokea miaka mingi ijayo, katika kijiji kilicho kando ya mto mkavu. Huko watu wamegundua kwamba mchanga wa mto hauhifadhi maji peke yake, jambo ambalo kila mtu wa huku analijua tangu utotoni, bali huhifadhi siku pia. Siku za juma zimo mchangani, zinatoka humo moja moja, na anayeuchota mchanga anachota na siku. Malori yanakuja, yanajaa, yanaondoka kwenda kujenga maghorofa ya Nairobi. Asubuhi moja wanakijiji, waliolala Jumatatu, wanaamka na kukuta ni Jumatano. Jumanne haipo. Siku yao ya soko ilikuwa Jumanne, kwa hiyo soko halipo. Kesi iliyopangwa Jumanne haisikilizwi milele. Mwanamke aliyekuwa ajifungue siku hiyo anabaki na mimba yake. Na huko Nairobi, katika ghorofa lililojengwa kwa mchanga ule, wapangaji wana Jumanne mbili kila juma, na zote mbili wanazilala. Ndipo wanawake wa kijiji wanapochukua majembe na kufunga safari ya kwenda kuirudisha siku yao, iliyofungwa ndani ya kuta za ghorofa lile.

Marehemu aliniambia wazo hilo lilimjia alipokuwa akikata vitambaa katika kiwanda kimoja kule Athi River. Akitoka zamu asubuhi aliyaona malori ya mchanga yakielekea Nairobi, maji bado yakichuruzika kwa nyuma, na kwa rangi ya ule mchanga alijua umetoka mto gani. Mtu mwingine angesema kumbe nyumbani kunaisha, kisha apande basi akalale. Yeye aliacha kazi, akarudi Mitaboni kuchora. Wenye malori hawakufurahi. Mmoja alikuja mpaka kwa kinyozi, amefura, akitaka aelezwe ni Jumanne gani hiyo anayodaiwa kuiba.

Basi hadithi ilikuwa nzuri. Sijawahi kuiona nyingine ya aina hiyo iliyonifanya niutazame ukuta wa nyumba ya rafiki yangu Nairobi nikijiuliza ndani yake kuna nini. Shida ilikuwa mwenyewe. Alikuwa na kanuni moja ambayo karibu initie wazimu: katika kila kisanduku cha picha, lazima wanawake wote waonekane. Wote! Wakivuka barabara, wote. Mmoja akiinama kufunga kamba ya kiatu, wenzake wote wamesimama wakimngoja, na kila mmoja ana uso wake, leso yake na namna yake ya kushika jembe. Ukurasa ambao mchoraji mwingine angeumaliza kabla ya chai ya saa nne ulimchukua yeye wiki nzima, na toleo moja lilimchukua msimu. Ukimwuliza kwa nini asichore wawili watatu tu na wengine waeleweke kuwa wapo, alikutazama kana kwamba umemwambia avunje kanisa.

Niliwahi kumpeleka Nairobi kwa mchapishaji. Mimi ndiye niliyeomba miadi, mimi niliyemkumbusha avae shati safi. Mchapishaji alikuwa mtu muungwana, na alikwisha kuyasoma matoleo yote niliyompelekea. "Hadithi ni kali sana, sitaki kukudanganya," akamwambia. "Nataka kuitoa kama kitabu. Lakini hapa staringi ni nani?"

"Ni wao," akajibu.

"Wao nani?"

"Wote."

"Hawawezi kuwa staringi wote, bwana. Msomaji lazima awe na mtu wake. Nichagulie mmoja. Huyu wa mbele?"

"Huyo yuko mbele kwa sababu kipande chake ndio cha kwanza."

Mchapishaji hakuelewa kipande ni nini, na bwana huyu hakujisumbua kumweleza. "Sawa," mchapishaji akasema kwa upole, "basi tuwatoe, tuweke kijana. Mpe misuli. Mpe mashine fulani mkononi, maana hii ni hadithi ya wakati ujao, na katika wakati ujao sidhani watu watakuwa na majembe."

"Na kile kipande cha mama, kijana atakichimba na mashine?"

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Nikamwambia kwa sauti ya chini, kindugu, "Mwana wa mwaitu, punguza hata wanne tu. Wanne!" Akanigeukia, na hakuwa amekasirika hata kidogo. Alikuwa akiniuliza kwa dhati. "Nipunguze nani? Si wewe unawajua. Nitajie mmoja."

Na kweli nilikuwa nikiwajua, na sikuweza kumtaja hata mmoja, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Tulirudi Machakos na bahasha yetu ileile. Njia nzima nilimsema, na njia nzima alikuwa akiangalia nje, akihesabu malori.

Niliwajua kwa sababu walikuwa watu wa kweli. Walikuwa wanawake wa mwethya wa kwao. Kwa asiyetoka Ukambani, mwethya ni kundi la majirani wanaofanya kazi pamoja, leo hapa, kesho kule, na kazi yao kubwa upande ule wa Mitaboni ilikuwa mtaro mmoja mrefu wa fanya juu, uliokata mlima kutoka pembe hadi pembe juu ya mto. Mtaro wa namna hiyo huchimbwa kwa kutupa udongo upande wa juu, ili maji ya mvua yazuiwe yasibebe shamba zima. Kila nyumba ilikuwa na kipande chake cha mtaro kilichopimwa kwa kamba, na kila mwaka kabla ya mvua kila nyumba ilitoa mtu wa kukizoa kipande chake upya. Mama yake marehemu alikuwa na kipande katikati. Mama alipofariki, kipande kikawa cha mwanawe, kwa kuwa nyumbani hakukuwa na mwingine. Katika katuni za baadaye, kati ya wanawake wawili wa katikati kuna jembe lisilo na mwenyewe, na wa kulia kwake amelibeba pamoja na la kwake. Hakulieleza popote. Wasomaji wa Kola waliniuliza ni la nani.

Sasa sikilizeni desturi, kwa maana ndiyo iliyozaa balaa lote hili. Katika mwethya ule, mtu asipofika kwa uvivu, kipande chake hakiguswi. Kinaachwa vilevile, kila apitaye akione. Lakini kama mtu huyo ametumwa na kikundi, labda kwenda kwa chifu au kumpeleka mgonjwa hospitalini, basi yuko kazini, na waliobaki wanagawana kipande chake na kukimaliza kama chao. Bwana huyu mara nyingi hakufika. Akifika amechelewa, na akishika jembe hageuzi udongo mwingi kabla hajaona jiwe lenye umbo la kupendeza, akaketi kulichora. Basi kipande chake kikabaki. Mtaro mzuri, mrefu, uliopendeza kuutazama kutoka ng'ambo, na katikati yake pengo. Maji ya mvua, ambayo yana akili zake, yaliliona pengo mara moja. Mwaka hadi mwaka yakapitia hapo na kuteremka, yakachimba korongo mpaka mtoni.

Nilikuwapo siku alipojaribu kujitetea. Wanawake walikuwa wamepumzika kwenye ukingo wa mtaro, wanakunywa uji, naye akaja na toleo jipya mkononi. Walilipokonya. Likazunguka kwa mikono yenye udongo, kila mmoja akijitafuta.

"Aiya! Mimi ndio huyu na miguu ya meza?"

"Na mbona mimi uliniweka nyuma ya huyu? Naonekana leso tu!"

Walipokwisha kucheka, alivua kofia, akamwendea mwenyekiti wao, mwanamke wa makamo mwenye sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuipuuza. "Mwaitu," akasema, kama anayemwita mama yake, "mimi naomba kitu moja tu. Hii kazi yangu ihesabiwe. Mtu akitumwa na kikundi, si mnagawana kipande yake?"

"Ee, akitumwa."

"Basi semeni nimetumwa. Mimi nachora nyinyi. Nachora huu mto na hii mchanga inaenda. Watu wa Machakos mjini wanasoma, hata wa Athi River wanasoma. Si hiyo ni kazi ya kikundi?"

Mwenyekiti aliikunja ile katuni vizuri, akaishika juu ya mtaro mahali pale penye pengo. "Hii karatasi inazuia maji?"

"Hapana."

"Basi chukua jembe, mwana wakwa."

Walicheka, na yeye akacheka nao, lakini nilikuwa karibu nikauona uso wake. Alikuwa ameomba jambo moja maishani, wala si pesa wala sifa. Alitaka wale wanawake waseme yuko kazini. Alichukua jembe, akachimba siku hiyo shimo ambalo kuku angeliruka, kisha akaenda nyumbani. Hakuuliza tena, wala hakukanyaga tena mtaroni, na katika toleo lililofuata ndipo lile jembe la mama yake lilipoonekana mara ya kwanza.

Nikiri kwamba kwa miaka mingi sikujua nani alinichosha zaidi. Yeye, ambaye angeweza kuchimba asubuhi mbili kwa mwaka na kuchora siku zote zilizobaki, na mambo yakaisha? Ama wao, watu wenye akili timamu na majembe mikononi, walioliacha korongo likue mbele ya macho yao kwa sababu tu desturi inasema cha mvivu hakiguswi? Niliwahi kumwuliza mwenyekiti kama si afadhali wachimbe tu wanusuru mlima. Akaniambia wakimchimbia mvivu leo, kesho nyumba zote za kulia na kushoto zitasingizia kifua. Alikuwa na haki. Na korongo likaendelea kupanuka. Hatujui kushindana na wenye malori, lakini kushindana sisi kwa sisi juu ya pengo la hatua chache tunaweza mpaka mbuzi waanze kutumbukia.

Lakini chini ya ukaidi huo kuna swali ambalo tumelikwepa kwa muda mrefu, la nini tunachokiita kazi. Kwetu anayechimba yuko kazini. Mwenye duka pia, na hata yule aliyekaa ofisini siku nzima akibonyeza mchezo wa karata kwenye kompyuta yuko kazini, wala hakuna atakayethubutu kumsumbua. Anayekaa chini na kutazama nchi yake inavyobebwa kwa malori, akaitafutia hadithi ambayo kinyozi na mteja wake watabishania hadi wembe usahaulike, huyo hana la kufanya, na ni halali kumtuma dukani. Mchanga umekwenda kweli. Iko mito ambayo nikiwa mdogo ungechimba kwa mkono ukapata maji, na leo ni mwamba mtupu. Tumefanyiwa semina juu ya jambo hilo, tukapewa soda, tukasahau. Jumanne Haipo haikusahaulika. Wazee wanaomwambia mtoto "usiku wa leo watakuchukulia Jumanne yako" hawajui hata wameitoa wapi.

Nikaenda mazishini na hasira zangu zote. Mfawidhi wa shughuli alisoma wasifu wa marehemu kwenye kipaza sauti, akasema marehemu hakubahatika kupata kazi ya kudumu, lakini alipenda kuchora. Hapo nilimtazama jirani yangu, naye akatazama viatu vyake. Akafuata mheshimiwa mmoja aliyetueleza kuhusu barabara. Katuni haikutajwa na yeyote. Mama wa fotokopi, aliyekuwa amefunga duka na kuja na zile karatasi ndani ya bahasha, alininong'oneza, "Hawa hawamjui huyu mtu ama?"

Wanawake wa mwethya walichelewa. Walifika wakati jeneza likiteremshwa, wakiwa na majembe, miguu yao myekundu kwa udongo hadi magotini, na watu wakadhani wamekuja kusaidia kufukia. Walisaidia, kweli. Kisha, watu walipokuwa wakielekea kwenye chakula, mwenyekiti akanishika mkono. "Wewe mwandishi, kuja nikuonyeshe kitu."

Tulipanda mlima sisi sote, na mama wa fotokopi nyuma yetu na viatu vyake vya mjini. Pale katikati ya mtaro hapakuwa na pengo. Kipande kilikuwa kimechimbwa chote, kina chake sawa na cha vile vya kulia na kushoto, udongo umetupwa upande wa juu na kushindiliwa, na majani yameshapandwa ukingoni. Chini yake korongo lilikuwa limezibwa kwa mawe. Haikuwa kazi ya asubuhi moja.

"Tulianza ile siku tulisikia," mwenyekiti akasema. "Leo ndio tumemaliza. Ndio maana tumechelewa."

"Lakini mwaitu, si mlisema cha mvivu hakiguswi?"

"Hatujachimbia mvivu. Tumegawana. Huyo alikuwa ametumwa."

"Ametumwa na nani?"

"Na sisi."

Hasira ilinipanda, na sioni haya kusema ilipanda pamoja na machozi. "Mlikata shauri hilo lini?"

Akapiga udongo kwa mgongo wa jembe, mahali ambapo haukuhitaji kupigwa. "Zamani. Ile mwaka alichora jembe ya mamake. Tulikaa hapa tukakubaliana."

"Na yeye alijua?"

"Angekuja siku moja tu, tungemwambia, tugawane hiyo kipande akiwa hapa."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Wao walikuwa wakimngoja aje, yeye alikuwa akingoja aitwe, na nyumba yake na mtaro vinaonana! Misimu yote hiyo mvua ilipita katikati yao. Nilitaka kusema neno kali, lakini wale wanawake walikuwa wamesimama kwenye mtaro kila mmoja penye kipande chake, wote, hakuna aliyepungua, jinsi alivyokuwa akiwachora.

Mama wa fotokopi alimpa mwenyekiti ile bahasha. Aliifungua, akautazama ukurasa wa mwisho, na wenzake wakakusanyika begani kwake. Safari hii hakuna aliyelalamika juu ya miguu yake. Kisha akaniuliza mimi, kwa ile sauti yake ndogo, "Sasa huu ukuta, tuliupiga ama hatukuupiga?"

"Sijui, mwaitu," nikamjibu. "Aliyejua tumemzika sasa hivi."

Swali hilo lilikuwa la kuulizwa marehemu. Angeulizwa yeye akiwa hai, mara moja tu, njiani au dukani, na mmoja wa wanawake wale, angejua kwamba yuko kazini, na nina hakika angetumalizia kitabu. Msomaji wangu, unamjua mtu wa namna hiyo. Yuko mtaani kwenu, hafiki kwenye mikutano, na kipande chake kina majani. Huenda ni mvivu kweli, sikatai. Lakini kama kuna siku kazi yake ilikuzuia kusimama ulipokwisha kunyolewa, toka hapo ulipo, nenda kwake leo ukamwulize imefika wapi.